Kipimo cha Sekunde Tatu

Rispah Nangila alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kupenda kasi, na mwaka 2006 ugonjwa huo ukampatia kazi. Chama kimoja cha wakulima cha Kitale kilitaka kompyuta zake ziungane na zile za tawi la Bungoma. Katika masharti ya zabuni kikaandika hivi: mkulima akiulizia mbegu au mbolea yake Bungoma, jibu litoke Kitale ndani ya sekunde tatu, hata mashine zote kumi na mbili zikiuliza kwa pamoja. Fundi atakayefaulu angepewa barua ya sifa, na mwenye barua ndiye angefikiriwa kwa kazi ya tawi la Malakisi. Roho ya Rispah ilikuwa Malakisi. Akiikosa kazi hiyo angerudi kwenye kibanda chake cha kutengeneza printa, na printa alizichukia kwa moyo wake wote.

Basi akachora, akafuta, akachora tena. Alipanda milima juu ya Kimilili kutafuta pahali pa mnara wa kupokezana mawimbi, akapima mikaratusi ya watu kisha akaupandisha mnara mita nne juu yake, maana mti hauombi fundi ruhusa ya kukua. Akaweka na njia ya pili ya simu, ili mvua ikiharibu ya kwanza kazi isilale. Siku ya majaribio mashine zote zilibonyezwa kwa mpigo mmoja, na jibu lililochelewa kuliko yote lilichukua sekunde moja na nusu. Mwenyekiti wa chama, Mzee Kipkemboi, alipiga makofi mpaka kofia ikamteleza. Barua, akasema, itatoka baada ya mwezi mmoja wa matumizi.

Wiki ya tatu Zachary, karani wa Bungoma, akapiga simu.

"Madam, hii mtandao yako inatugombanisha na watu."

"Imekatika?"

"Ingekatika tungepona, bana. Kuja tu ujionee."

Rispah alifika na begi zima la vifaa. Akapima waya, akapima redio, hakuona kasoro. Akaketi kwenye benchi la wateja, amenuna. Punde akaingia Mama Peris, mkulima wa Kabuchai, amevalia nguo za kanisani na kitambulisho amekifunga kwenye leso. Alitaja jina lake, Zachary akaliandika, na kabla mama hajafika kwenye kiti jibu likawa limeshaingia.

"Pole mama, hauko kwa awamu hii ya mbolea."

"Umeangalia wapi?"

"Kitale."

"Kitale gani? Hata sijakaa! Hujaniuliza mvua, hujaniuliza watoto, ati hapana? Si hata kuku wa jirani unamwangalia kwanza ndio umfukuze?"

Akatoka akitangaza hadi barabarani kwamba siku hizi majibu yanaandikwa kabla watu hawajaamka.

"Umeona sasa," Zachary akasema. "Zamani ningechukua faili niingie kule nyuma. Nikae. Nirudi nimuulize jina ya babake, niingie tena. Nikimwambia hapana, anajua nimempigania."

"Na kule nyuma ulikuwa unafanya nini?"

"Saa zingine nakunywa chai," Zachary akajibu bila haya. "Lakini nikiwa nimesimama."

Rispah aliitwa Kitale mbele ya kamati, ambayo ilikuwa na malalamiko mia moja na arobaini mezani. Akawaonyesha karatasi za vipimo. Mzee Kipkemboi alizitazama kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

"Binti yangu, hakuna mtu analia juu ya ndiyo. Ndiyo iendelee kukimbia. Hapana ndio iende polepole. Dakika kumi na moja."

"Mzee, mimi nilisomea kuondoa kuchelewa!"

"Ulituambia unaweza kujenga mtandao wa kutimiza kipimo chochote. Hiki ndicho kipimo."

Alilia kidogo njiani, kwa hasira. Halafu, kwa kuwa hakujua kufanya kazi vibaya hata akitumwa upuuzi, akaufanya upuuzi ule kwa ustadi wa ajabu. Kila hapana ilizuiliwa Kitale, huku skrini ya Bungoma ikiandika kwamba inatafuta, inatafuta tena, inauliza stoo. Alijaribu mashine zote kumi na mbili kwa pamoja. Hakuna hapana hata moja iliyotoroka kabla ya wakati wake. Wakulima hawakuwa wajinga. Walijua mashine ikinyamaza maana yake ni nini, ila walipata muda wa kulizoea jibu huku Zachary akiwauliza habari za mvua. Malalamiko yakakauka. Mama Peris alikataliwa mara ya pili, akaondoka akiiombea mashine baraka.

Barua ikatoka, ina muhuri na sahihi. Ilisema mtandao wa Rispah Nangila umetimiza kipimo kikamilifu kwa kutoa majibu baada ya dakika kumi na moja. Akaiambatisha kwenye ombi lake la Malakisi, na mwezi ulipopita bila habari akaenda Kitale kuulizia.

Mzee Kipkemboi alimpokea kwa mikono miwili. Akaagiza chai. Akamuuliza hali ya mamake, ng'ombe, hata mikaratusi ya Kimilili. Akaingia chumba cha ndani, akakaa. Akarudi kumuuliza jina lake kamili, akaingia tena. Alipotoka, uso wake ulikuwa mzito.

"Tumetafuta, binti yangu. Malakisi wanataka mtu ambaye ameshajenga mtandao wa sekunde tatu. Barua yako inasema dakika kumi na moja."

"Si barua uliandika wewe, mzee?"

"Niliandika, na kila neno ni kweli. Ndio maana nimeumia hivi."

Rispah alijikuta akimhurumia. Alimshukuru mara mbili, akamaliza chai, akatoka. Pale langoni akampigia Zachary.

"Wamenikataa. Lakini mzee amehangaika, jameni. Ameingia ndani kuangalia mara mbili."

"Ameingia wapi, madam?"

Rispah akageuka kuitazama ofisi. Chumba kile cha ndani alikijua, yeye mwenyewe ndiye aliyepitisha waya humo. Hakikuwa na faili wala kompyuta, ni viti vibovu tu.