Boliti ya Wendelini

Sefu, mnunuzi wa vito kutoka Tunduru, aliniletea ile boliti ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Alikuwa amenunua bunduki ya zamani ya shabaha iliyokuwa ya timu yetu ya mgambo. Miaka ile ya ruksa kila kitu cha umma kilikuwa kinauzwa, mpaka viti vya ofisi, na bunduki hiyo iliuzwa bila boliti, yaani kile chuma kinachovutwa nyuma na kusukumwa mbele kuingiza risasi. Bunduki isiyo na boliti haina tofauti na mpini wa jembe. Boliti aliipata baadaye, kwa mtu mwingine.

"Shikamoo mama. Fundi baiskeli wa sokoni ameniambia hapa Mjimwema yupo mtu anayeziweza hizi."

"Marahaba. Kaa."

Kazi yangu ni kutengeneza cherehani. Lakini mume wangu, Wendelini, ndiye aliyekuwa nahodha na mtunza silaha wa timu, na kwa utaratibu wao bunduki ililala ofisini, boliti ikalala kwetu, ndani ya sanduku chini ya kitanda, ili mwizi akipata moja asipate nyingine. Kila Jumamosi tuliisafisha pamoja. Mwaka 1985 ikapotea. Wakasema Wendelini amewauzia majangili. Alifungwa, akafia gerezani kwa kuhara, na mwanangu Aidan akamaliza shule akiitwa mtoto wa jangili. Miaka tisa nimekaa na hasira isiyo na mwenyewe. Jamani, hasira ya namna hiyo inachosha kuliko kulima.

Nikatandika kitambaa cheupe mezani. Boliti ilikuwa na kutu, na udongo mwekundu umejaa kwenye kona zake kana kwamba ilifukiwa shambani, tena namba yake imekwanguliwa kwa tupa. Nikaishika kwa mkono wa kushoto, nikazungusha kipande cha nyuma taratibu mpaka springi ikalegea, maana ukiwa na haraka inaruka na kukutoboa jicho. Nikavuta pini, ile inayogonga risasi. Ilitoka shingo upande, mafuta ya zamani yalikuwa yamegeuka gundi. Nikazitumbukiza pini na springi kwenye bakuli la mafuta ya taa, nikasugua kwa mswaki, nikapitisha kitambaa kilichosokotwa ndani ya tundu mpaka kikatoka bila masizi.

Nilipoitikisa springi, kitu chepesi kikalia ndani ya bakuli. Kilikuwa kipete chembamba cha bati, chenye rangi ya bluu ukingoni.

Kipete hicho nilikikata mimi. Springi ilikuwa imechoka, risasi hazilipuki, vipuri havipatikani, basi nikakata kifuniko cha mkebe wa maziwa ya unga kwa mkasi wangu wa nguo, Wendelini akakiweka nyuma ya springi ipate nguvu. Nionyesheni kiwanda cha Ulaya kinachotia maziwa ya unga kwenye bunduki!

"Boliti hii amekuuzia nani, mwanangu?"

"Mzee Emiliani wa Msamala. Kuna ubaya?"

"Hakuna," nikasema.

Emiliani, aliyekuwa na Wendelini kwenye timu, ni Mhehe, sisi ni Wangoni, kwa hiyo ni mtani wetu. Mama yake Wendelini alipofariki, siku chache kabla hatujaikosa boliti, watani walikuja kufanya utani wao msibani: huyu akabeba vigoda, yule sufuria, na Emiliani akakimbia na sanduku letu kichwani huku tukicheka na machozi yetu. Tulilikomboa kwa jogoo. Sanduku liliporudi hatukulifungua, kwa sababu kumkagua mtani ni kumtukana. Wendelini alipofungwa, utunzaji wa silaha na unahodha wa timu ukaenda kwa nani? Kwa huyo huyo aliyekuja kunipa pole na kilo ya sukari.

Polisi ningewapelekea nini? Maneno ya mjane na kipande cha bati? Nilikausha kila kitu, nikatia tone la mafuta ya cherehani, nikarudisha pini na springi, nikakaza, nikamkabidhi Sefu boliti yake. Yeye hakunikosea.

Mama yake Emiliani alikuwa kikongwe, yupo kitandani. Sikumwombea kifo, lakini afya pia sikumwombea.

Alifariki kabla mahindi hayajakomaa. Nilifika Msamala nimejipaka majivu usoni, watu wakashangilia kwamba mtani amekuja. Nikamwaga uji wao, nikakalia kiti cha katekista. Jeneza lilipofikishwa kaburini, nikaruka ndani ya kaburi, nikajilaza chali.

Mtani akishaingia kaburini, jeneza halishuki mpaka akombolewe, na hakuna ruhusa ya kumvuta kwa nguvu wala kumkasirikia. Wakatupa sarafu, nikazirusha nje. Wakaleta jogoo.

"Kuku wa Wahehe hana nyama!" nikapiga kelele. Watu wakavunjika mbavu.

"Sasa unataka nini, mtani?" Emiliani akauliza, naye anacheka.

"Nataka kujua nani alitoa boliti kwenye sanduku la Wendelini siku ya msiba wetu. Ameiuza, nimeisafisha kwa mikono yangu, na kipete changu kilikuwa bado kimo ndani. Aliyeinunua amenitajia jina. Nataka nilisikie kwako."

Kicheko kilikatika kuanzia mbele kwenda nyuma. Katekista akakohoa. Waliobeba jeneza wakabadilisha mabega. Mama yule aliwahi kunipa mbegu za maharage, na nilijua namchelewesha, lakini sikuona huruma hata kidogo. Wendelini alizikwa na wafungwa wenzake, kaburi lake silijui. Ningelala pale mpaka mvua inyeshe.

Emiliani akapiga magoti ukingoni, udongo ukanidondokea kifuani.

"Mtani, toka. Nakuomba, kwa ajili ya mama."

"Mimi nakutania tu. Mbona hucheki?"

Akajaribu kucheka, mdomo ukakataa. Akaangalia jeneza, akaangalia watu. Nilijua Aidan wangu amesimama huko, nyuma ya wachimba kaburi.

"Ni mimi," akasema chini chini. "Niliichukua mimi. Wendelini hakuuza kitu."

Nikainuka, nikakaa kitako humo humo kaburini. Nikamwambia asimame aseme tena kwa sauti, maana wanawake waliokaa kule kwenye migomba hawakusikia.