Bomba Lililoachwa Wazi

Kwetu maji ya bomba yanakuja mara moja kwa wiki, na hayasemi saa. Kwa hiyo kila mtu anaacha bomba wazi juu ya ndoo tupu: yakianza kudondoka unasikia, unakimbia na mapipa. Alhamisi ile zamu ya kusikiliza ilikuwa yangu. Nimemaliza shule, nasubiri matokeo, na kukaa kimya mimi siwezi. Nikasema ngoja nikachungulie mpira, dakika kumi tu.

Narudi, ua umekuwa bwawa! Ndoo imejaa, mengine yote yameishia mtaroni, maji yameshakatika. Mama kasimama katikati ya miche yake ya mipapai, mia tatu, kila mmoja kwenye kifuko chake. Shule iliyoiagiza ilikuwa iifuate Jumamosi ya wiki inayofuata. Ikikauka, kazi ya miezi miwili imekwenda.

"Nani kashinda?" akauliza.

"Sare, mama."

"Afadhali wao."

Bora angenichapa.

Nikaanza kugonga milango ya wapangaji. "Naomba maji ya suuzo la mwisho la nguo, yale yasiyo na povu."

"Heh! Umesoma kote huko uje kuombaomba maji machafu?" Mama wa chumba cha tatu alicheka mpaka akashika mlango. Lakini alinipa. Kinyozi naye akanipa nusu ndoo imejaa nywele, nikachuja kwa fulana yangu.

"Usimwage kwenye majani, we! Shinani," mama yangu akafoka nilipoanza kumwagilia. "Kifuniko cha chupa kimoja, mche mmoja." Asubuhi mia tatu, jioni mia tatu. Mgongo ulinisema vibaya.

Kisha nikamfuata mjomba, fundi bomba. "Naomba boya la tangi la choo."

"Unataka kujifunza kuogelea?"

Tukalifunga kwenye pipa kubwa, tukaliunganisha na bomba: maji yakipanda, boya linapanda, linafunga maji lenyewe. Alhamisi iliyofuata maji yakaja tukiwa sokoni. Tuliporudi pipa limejaa hadi shingoni, chini pakavu. Mama akaligusa pipa, akanitazama.

Jumamosi mwalimu akahesabu miche mia mbili tisini na moja. "Iko imara hii. Mwezi ujao mtatupatia mingine?"

Nikamwangalia mama. Akanirushia furushi la vifuko vipya.

"Muulize huyo," akamwambia mwalimu. "Mwenye maji ni yeye."

Nikachukua koleo, nikaanza kujaza udongo.