Nilivyosubiri Krona Ishuke

Hapa Halden watu huvuka mpaka kwenda Uswidi kununua nyama ya bei nafuu, wakarudi wakijisifu wiki nzima. Mimi nilijiona mjanja kuliko wote, maana nilikuwa nanunua hela yenyewe. Kila krona ya Uswidi iliposhuka kidogo mbele ya krona yetu ya Norwei, nilikimbilia benki, nikachukua noti kadhaa na kuzisokomeza kwenye kopo la biskuti.

Noti hizo zilikuwa za safari ya Gunnvor, mke wangu. Aliniomba jambo moja tu: wikiendi katika jiji la Göteborg, huko Uswidi, hotelini, na jioni moja ya kucheza dansi kwenye ukumbi wenye bendi. Ni mwendo wa saa mbili kwa gari.

"Subiri kidogo, mke wangu," nilimwambia. "Krona itashuka tena."

Alisubiri miaka saba! Noti za koponi nilizinunua zote mwaka wa kwanza; zilizobaki nilikuwa nangoja krona ishuke zaidi ndipo ninunue. Kila asubuhi, hata kahawa sijaonja, nilikuwa nakodolea macho viwango vya krona kwenye simu. Vilipanda, vikashuka, vikarudi palepale. Faida yangu yote ingetosha soseji mbili, na haradali ningeomba ya bure.

Mwaka huu goti la Gunnvor likaanza kumsumbua. Hapo ndipo nilipotangaza, kifua mbele kama waziri wa fedha, kwamba wakati umefika.

Hotelini nilifungua kopo, nikamwaga noti mbele ya msichana wa mapokezi. Akachukua moja, akaigeuza, akamwita mwenzake aje aone.

"Mzee, hizi umezitoa wapi?"

"Kwa jasho na akili, binti yangu."

"Zilishaondolewa kwenye matumizi. Tangu elfu mbili na kumi na saba."

"Zote?"

"Zote hizi. Labda uwaandikie benki kuu, ujaze fomu, nao wakate ada yao. Halafu sisi hapa hatupokei taslimu, mzee. Kadi tu."

Loo! Foleni nyuma yangu ikawa inajikohoza kwa adabu. Nikaanza kuzirudisha noti koponi, masikio yanawaka moto.

"Turudi nyumbani," nikamnong'oneza Gunnvor. "Niwaandikie benki, halafu tukingoja kiwango kidogo..."

"Torleif, funga hilo domo."

Akatoa kadi yake. Mashine ikamuuliza: alipe kwa krona za Uswidi au za Norwei? Jamani, msafiri yeyote anajua kwamba ukichagua hela ya kwenu, mashine inakupangia kiwango chake na kukukamua. Nikafungua mdomo. Gunnvor akanikazia macho, akabonyeza Norwei, polepole.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Imeuma?"

"Sana."

"Vizuri."

Jioni tukaenda ukumbini. Tulicheza wimbo mmoja, na nusu ya wa pili. Kisha akanishika bega kwa nguvu, uso umekunjamana. Goti lilikuwa limegoma. Tukaketi pembeni tukiwatazama wenzetu wakizunguka, huku mguu wake usiouma ukifuata mdundo chini ya meza. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

"Nisamehe, Gunnvor."

"Mwaka ule nilipokuomba," akasema bila kuniangalia, "ningewachosha wote hawa."

Nikainuka, nikamtafutia kiti cha pili aegemeze mguu.