Mzee Shimba Hana Nafasi

Shirika la nyavu lilipowekwa sokoni, watu wa Kirumba walisema zitauzwa mashine kwanza, kisha kiwanja, na Mzee Shimba Maige atabaki mwisho kwa kuwa hakuna mnunuzi anayemhitaji. Ulikuwa mzaha, lakini haukuwa mbali na kweli. Mwaka 1998 shirika lilichukuliwa na kampuni ya minofu ya sangara yenye ofisi Nyamagana, na kampuni haikumfukuza Mzee Shimba, meneja wa zamani. Ilimwachia meza, kiti cha kuzunguka, kompyuta iliyoletwa na wafadhili, na mshahara wake. Kilichosahauliwa ni kumwachia kazi.

Asiyewahi kuwa mkubwa anaweza kudhani hiyo ni raha. Mzee Shimba alikuwa amezoea foleni mlangoni pake. Kwa miaka kumi na minane katibu muhtasi wake, Wilhelmina, aliwaambia wageni, "Bosi yuko kikaoni," hata kama bosi yuko ndani anatafuna karanga, na wageni walikubali kungoja. Mkubwa asiyengojwa ni mkubwa gani? Lakini Wilhelmina alipunguzwa kazini mwezi wa tatu. Tangu hapo mzee alifika saa moja na nusu asubuhi, akasoma gazeti la jana na la leo, akachonga penseli ambazo hakuna aliyeziandikia, na saa tisa na nusu akatoka na faili kwapani. Ndani ya faili mlikuwa na gazeti.

Jambo moja tu lilibaki mikononi mwake, nalo halikuwa dogo. Ukumbi wa kushona nyavu ulikuwa na wanawake thelathini na mmoja, na wote walijua kwamba wenye kampuni wangekuja kutoka ng'ambo mwezi huo kuamua kama ufungwe. Msimamizi wao, Mama Malimi, alipanda ngazi pamoja na wenzake wawili, wakamwomba mzee awasemee siku hiyo. Kama nyavu hazitakiwi tena, basi wahamishiwe kwenye meza za kukata minofu. Kisu na samaki wamevizoea tangu wakiwa wasichana, wasitolewe wao wakaletwa wengine.

"Kikao hicho hakiwezi kukaa bila mimi," Mzee Shimba aliwaambia. Aliwasindikiza mpaka chini ya ngazi, na siku hiyo hakugusa gazeti.

Wiki iliyofuata akaja Winnie Odoyo, fundi kompyuta wa kampuni, binti wa Musoma asiyependa maneno mengi. Alimwamkia mzee shikamoo, akaomba kiti, akaeleza kilichomleta. Kirumba na Nyamagana zilikuwa zikitumia barua pepe za mifumo miwili tofauti, kila mfumo na kalenda yake, na kalenda hizo hazikujuana. Mtu wa Nyamagana akitaka kuitisha kikao hakuweza kuona wakubwa wa Kirumba wana nafasi lini, ikabidi apige simu, na simu za miaka ile mnazijua. Sasa kompyuta mbili zingepigiana zenyewe, mchana na jioni, zipeane orodha ya saa ambazo kila mkubwa ana shughuli.

"Kwa hiyo wataona nilichoandika humu?" mzee aliuliza.

"Hapana, mzee. Haibebi maneno, inabeba saa tu. Penye buluu una shughuli. Peupe una nafasi. Basi."

Winnie akachomeka nyaya, kiboksi cha modemu kikalia kama mtoto mwenye mchango wa tumbo, kisha kikatulia. Akafungua kalenda kiooni, na safu za Nyamagana zikatokea. Ya Bwana Zadok, afisa utumishi, ilikuwa na mistari ya buluu iliyobanana. Ya mhasibu vilevile. Kisha akapiga simu Nyamagana, awaulize wao wanaona nini kutoka Kirumba.

"Kwa Mzee Shimba panakuja peupe tupu?" alisema kwenye simu. "Wiki nzima? Basi kuna kitu hakijakaa sawa. Ngoja nirudie."

Alirudia. Alichomoa nyaya akazichomeka upya, akabadilisha namba fulani, akazima mashine na kuiwasha, akapiga simu tena. Peupe. Alipiga magoti chini ya meza, karibu kabisa na viatu vya mzee, akitafuta waya uliolegea. Saa nzima yule binti alihangaika na ugonjwa ambao mashine haikuwa nao, kwa kuwa haikumwingia akilini kwamba meneja mzima anaweza kuwa na wiki isiyo na chochote ndani yake. Na mzee alikaa kwenye kiti chake cha kuzunguka, akimtazama. Alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na kiti.

"Sijaingiza shughuli zangu bado," alisema hatimaye. "Mambo yalikuwa mengi."

Winnie akatoka chini ya meza, akacheka kwa adabu. "Ungeniambia mapema, mzee wangu. Basi mashine ni nzima. Ukiingiza tu, jioni wataona."

Akaondoka. Mzee Shimba akavuta kibao cha herufi, akaanza kuandika kwa vidole viwili. Jumatatu: ukaguzi wa stoo. Stoo yenyewe ilikuwa na panya na kufuli. Jumanne: kikao cha wakuu wa idara. Idara zilikuwa zimekufa, na wakuu wake wengine walikuwa wakilima mpunga Buhongwa. Aliijaza hivyo kalenda siku baada ya siku, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mwezi ukajaa, na kila alipobonyeza, buluu ikaongezeka. Penye Alhamisi moja, saa nne mpaka saa sita, mawazo yalimwishia, akaandika: kikao na wanawake wa ukumbi wa nyavu. Nani angejua? Mashine haibebi maneno. Alipomaliza alijiegemeza kitini, na nisiwafiche, alifurahi. Ilikuwa kama Wilhelmina amerudi kwenye meza yake ya nje.

Kisha akangoja kuitwa. Enzi zake kikao kikubwa kiliitwa kwa barua yenye muhuri, ikaletwa na dereva, ukaisaini kitabuni. Barua haikuja. Ilipofika Alhamisi ile aliamini wageni hawajafika nchini, akasoma gazeti mpaka matangazo ya viwanja.

Ijumaa asubuhi kompyuta ikalia. Ilikuwa muhtasari wa kikao kilichokaa Nyamagana jana yake, Alhamisi, kuanzia saa nne. Mzee alisoma akiwa amesimama. Waliohudhuria, sita. Ambaye hakuhudhuria, mmoja: meneja wa Kirumba, kutokana na shughuli nyingi. Kipengele cha nne kilisema ukumbi wa nyavu ufungwe mwisho wa mwezi, na wafanyakazi wake waachishwe. Hapakuwa na maoni tofauti.

Alimpigia Bwana Zadok. Alikosea namba mara mbili.

"Shikamoo, mzee," Zadok alisema. "Tulikukosa jana."

"Mbona hamkuniita?"

"Tulikutafuta, mzee. Wageni walikuwa na siku mbili tu. Nikasema tupange saa ambayo Mzee Shimba ana nafasi, maana wale akina mama ni watu wake. Kompyuta ikatafuta siku zote mbili, haikupata hata nusu saa. Nikaona mtu mzima mwenye kazi zake tusimsumbue. Ningejua una upenyo ningetuma gari."

"Turudishe hilo jambo mezani."

"Walishasaini, mzee. Wameruka jana jioni."

Hapo ndipo angeweza kusema ukweli. Njia ilikuwa wazi, na Zadok alikuwa kijana mstahimilivu. Lakini ulimi una mazoea yake. "Kweli," alisema Mzee Shimba, "wiki hii nilibanwa sana." Akaweka simu, na aibu ya kusema hivyo ikamwingia kuliko ile ya kwanza.

Saa nne Mama Malimi alipanda ngazi, safari hii peke yake. Alimwamkia, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Tumebandikiwa tangazo mlangoni," alisema. "Sikuja kukulaumu, mzee. Wenzangu wamenituma nisikie ulivyotusemea. Hata kama walikataa, wanataka kujua yalisemwa."

Mzee alitazama penseli zake. "Sikwenda, Mama Malimi."

"Uliumwa?"

"Nilikuwa hapa."

"Basi kazi zilikuzidi," alisema Mama Malimi, akimpa mlango wa kutokea. "Mkubwa ana mengi."

Mzee alikuwa na mguu mmoja tayari kwenye mlango ule. Alimtazama yule mama, vidole vyake vimepasuka kwa nyuzi za nailoni, akashindwa kupita.

"Sikuwa na kazi yoyote," alisema. "Nilikuwa nasoma gazeti. Niliiambia hii kompyuta kwamba nina shughuli mwezi mzima, ikawaambia wao, wakaamini. Niliona haya wajue kwamba nakaa bure kutwa. Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine."

Mama Malimi alitazama dirisha. Hakukasirika, na mzee angeomba akasirike.

"Lakini hilo tunalijua," alisema taratibu. "Dirisha lako linatazama ukumbini kwetu, mzee. Tangu Wilhelmina ameondoka tunakuona. Wageni wakija kukuulizia, sisi ndio tunawaambia uko kikaoni."

"Mlijua?" mzee aliuliza. "Mlijua, na bado mkanituma mimi?"

"Bwana Zadok tulimfikiria. Na yule mhasibu. Lakini wale kila ukiwafuata wana haraka, hawamalizi kukusikiliza." Mama Malimi aliinuka, akajifunga khanga yake upya kiunoni. "Tukasema twende kwa Mzee Shimba. Yeye ana nafasi."