Nyumba ya Midomo Arobaini

Haya mjukuu wangu, sogea nikutege. Nyumba yangu ina midomo arobaini, lakini unaosema ni mmoja. Nyumba gani?

Usiseme redio. Wala usiseme darasa, maana darasani hata mimi niliyeishia la saba nilikuwa napiga kelele. Umeshindwa? Sitaki mji wako, mji nitaupeleka wapi na magoti haya? Nipe masikio tu. Nyumba hiyo ni kanisa la baba yako, kabla koo lake halijamgomea. Wewe ulikuwa bado unanyonya.

Lilianza sebuleni kwangu, watu saba na kochi moja. Tulipofika arobaini tukapanga ghala lililokuwa la rangi, na siku za joto harufu ya rangi iliimba pamoja nasi. Baba yako ndiye aliyefagia, akapanga viti, akajaribu kipaza sauti, akaanzisha wimbo, akahubiri, akafunga ibada, akafunga na mlango. Watu wakasema, mchungaji wetu anajituma kweli! Na mimi mama yake nikavimba kichwa.

Ila alikuwa na tabia moja. Mtu akisoma Neno akakwama kidogo, baba yako anamalizia. Mtu akiomba akavuta pumzi, baba yako, "Amina!" na kanisa zima, "Amina!" Hakuwa na ubaya. Ni mtu wa haraka tu, hata tumboni mwangu hakungoja miezi tisa itimie.

Siku moja fundi cherehani tuliyemwita Mama Pindo akasimama kusoma. Alipofika kwenye jina gumu akalirudia mara mbili. Baba yako akamchukulia kitabu mkononi, tena kwa tabasamu, akasoma mpaka mwisho. Yule mama akarudi kitini mikono bado imeinuka, kama vile kitabu bado kimo mkononi. Tangu siku hiyo hakusimama tena. Wala wenzake.

Basi, Jumatatu moja daktari akamchungulia baba yako kooni, akakuta vinundu. "Wiki sita usitoe neno," akamwambia, "hata kunong'ona. Ukikaidi, sauti hiyo inaweza isirudi kabisa." Mama yako akamnunulia ubao mdogo na chaki.

We! Nyumba haikukalika. Jikoni mpaka mlangoni, mlangoni mpaka jikoni. Akitaka chumvi anagonga meza. Akiletewa chumvi anagonga tena, hajui anataka nini. Wewe ukilia, yeye anakuzunguka kama inzi.

Jumanne akawaita wanakanisa, akainua ubao: NANI ATAHUBIRI JUMAPILI?

Wakatazama viatu vyao. Kulikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma, jina lake la utani Cheche, mtu wa maneno. Akasema, "Mchungaji, mimi nikishika hicho kipaza sauti nitakichomelea ukutani." Wakacheka, wakaagana, wakaenda zao.

Baba yako akafuta ubao, akaandika: NITAHUBIRI MWENYEWE.

Mama yako akakaa chini hapohapo sakafuni. "Mama, sema naye. Ni wewe tu anayekusikiliza."

Nikamwambia, "Mwanangu, nikuulize. Katika watu hao arobaini, ni nani uliwahi kumwacha amalize?"

Akashika chaki. Akaiweka. Akatoka kwenda kanisani kupanga viti. Jumanne hiyo, viti vya Jumapili!

Jumatano nikamwangalia, hakunijibu. Ijumaa akapita mbele yangu na ubao kaugeuza kifuani, nikajua swali langu linamuwasha. Na mimi usingizi ukapaa, maana kama angefungua mdomo Jumapili, mwanangu angebaki bubu, na lile kanisa lingebaki ghala.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwa Mama Pindo. Alikuwa anashona sare za shule, cherehani haipumziki.

"Kesho usimame uhubiri," nikamwambia.

"Bibi, nisimame nifanye nini? Si atanimalizia?"

"Hana sauti."

"Ana mikono."

Nikamwokotea pini zilizodondoka, nikamwekea mezani, nikaondoka.

Jumapili ikafika. Baba yako yuko mbele, hatulii mpaka kiti kinalia. Nyimbo zikaisha. Tukangoja. Mtu akakohoa, mwingine akakohoa, ikawa kikohozi cha ushirika. Baba yako akasimama, akakishika kipaza sauti, akavuta pumzi. Mama yako akanibana mkono, alama ya kucha zake ninayo hadi leo.

Kiti kikakwaruza huko nyuma.

"Mchungaji, kaa." Alikuwa Mama Pindo, na tepu ya kupimia bado shingoni.

Baba yako akakaa. Yule mama akasoma habari ya kondoo aliyepotea, neno moja moja kama anayetia uzi kwenye sindano. Akafunga kitabu. "Mimi mambo ya kondoo siyajui," akasema. "Lakini sindano yangu ikidondoka, sihesabu zilizobaki kwenye boksi. Napiga magoti, napapasa sakafu nzima. Sasa nataka kusema kwamba..."

Akakwama.

Macho yote yakahamia kwa baba yako. Nikaona mikono yake inainuka kutoka magotini, polepole, na yule mama ameiona, na kitabu amekikumbatia kifuani. Nikaomba, Mungu wangu, ifunge hiyo mikono!

Baba yako akaiangalia mikono yake kama ya mtu mwingine. Kisha akaiweka chini ya mapaja, akaikalia.

"Taratibu, mama," Cheche akasema. "Hatuna gari la kuwahi."

Watu wakacheka, na Mama Pindo akacheka, na neno likarudi. Akasema kuhusu wale walioacha kuja, akawataja, akauliza nani atamwendea yupi. Mikono ikaanza kuinuka, hata ya Cheche. Baba yako jasho linamtiririka, kila akivuta pumzi nafikiri sasa anaruka, lakini hakuruka. Mama Pindo akaomba mwenyewe, akasema "Amina" mwenyewe.

Ndipo baba yako akaitoa mikono, imekufa ganzi, akachukua ubao. Nikadhani anamwandikia Mama Pindo. Akaugeuza kwangu, herufi zimepinda:

HAKUNA, MAMA. HUYU NDIYE WA KWANZA.