Mifupa Kando ya Shamba la Verediana

Tembo jike aliuinua mfupa wa taya kutoka kwenye nyasi, akaushika kwa mkonga taratibu, kama mtu amnyanyuavyo mtoto aliyelala. Nyuma yake wenzake sita walisimama kimya. Hakuna aliyechuma hata jani.

Verediana aliyaona hayo akiwa juu ya ulingo wa shamba lake la mahindi, Idodi, asubuhi ya baridi ya mwezi wa Mei, mwaka 1954. Kando yake alikaa Kalinga, askari wa Bwana Nyama, afisa wa serikali wa wanyamapori, bunduki mapajani. Kalinga alikuwa amekuja kuua tembo, na Verediana mwenyewe ndiye aliyemwita.

Mwaka uliotangulia, tembo dume alimkanyaga mumewe, Bartholomeo, katika shamba hilohilo. Kalinga, aliyechunga ng'ombe pamoja na Bartholomeo tangu utotoni, alimfuata dume yule akamwangusha ukingoni mwa mahindi. Kijiji kilikula nyama siku nne, pembe zikapelekwa Iringa, mifupa ikabaki pale pale. Verediana hakuonja nyama ile. Alikuwa ametumaini kwamba mnyama akishakufa, jiwe lililomkaa kifuani lingeondoka. Halikuondoka. Kwa hiyo kundi liliporudi msimu huu, alikwenda kwa Kalinga akamwambia anataka wafe wote.

Sasa jike yule aliurudisha mfupa chini, akaupapasa tena kwa ncha ya mkonga. Mwingine akasogea, naye akapapasa.

"Wanafanya nini?" Verediana alinong'ona.

"Ni mwenzao."

"Wamemjuaje? Imebaki mifupa tu."

"Hilo sijui, shemeji. Ila wanamjua." Kalinga aliinua bunduki, akaiegemeza begani. "Huyo anayeongoza amekaa vizuri. Nikimpiga, wengine hawatarudi tena msimu huu."

Verediana alinyoosha mkono, akauweka juu ya mtutu. Chuma kilikuwa baridi.

"Ngoja."

"Na mahindi yako je?"

"Nimesema ngoja."

Walingoja. Baada ya muda mrefu tembo waligeuka, wakaingia shambani kama alivyohofia, wakakata njia kuelekea mtoni. Verediana alisikia mabua yakivunjika, na kila bua lilimuuma, maana ndilo lililokuwa chakula chake. Safu nne zikalala chini, kisha ya tano. Hata hivyo hakuuondoa mkono wake kwenye mtutu hadi mgongo wa mwisho ulipopotelea kwenye migunga.

"Umewahi kuwaona wakifanya vile?" aliuliza.

Kalinga aliishusha bunduki mapajani. "Mara nyingi. Nikiua mahali, nikapita tena baadaye, huwakuta. Kazi hii nina miaka kumi na mmoja, na jambo hilo sijamwambia mtu, hata mke wangu."

"Kwa nini?"

"Ningelisema, ningewezaje kuishika tena bunduki kesho yake?"

Verediana aliitazama mikono yake mwenyewe. Alipozungumza, sauti yake ilitoka chini sana.

"Siku ile Bartholomeo alikuwa na homa. Alitaka kulala. Mimi ndiye niliyemwamsha. Nilimwambia mahindi hayalindwi kitandani."

Maneno hayo hakuwahi kuyatamka, si kwa dada zake, si kwa padre. Alingoja Kalinga amwambie kwamba hakuwa na kosa, kama watu walivyokuwa wakimwambia mambo mengi msibani. Kalinga hakusema hivyo. Alivua kofia yake ya kazi, akaiweka gotini.

"Naye alijibu nini?"

"Alicheka." Machozi yalikuwa yameanza kumtoka, naye hakuyafuta. "Alicheka, akaniomba nimsogezee viatu. Nikamsogezea."

Kalinga alitoa risasi kwenye bunduki, akaitia mfukoni. Ukungu ulikuwa ukiinuka juu ya mabua yaliyolala, na huko mtoni tembo mmoja alilia mara moja, akanyamaza.

"Viatu gani?" Kalinga aliuliza. "Vile vyeusi, vilivyombana?"

Verediana alimgeukia. Kwa mwaka mzima hakuna aliyemuuliza chochote kuhusu Bartholomeo akiwa hai.

"Vilimbana tangu siku ya kwanza," alisema. "Lakini mbishi yule, angekubali? Tulitoka navyo dukani Iringa, mvua inanyesha..."

Kalinga akajisogeza, akamwachia nafasi ya kunyoosha miguu, akasikiliza.