Anwani ya Nyumba Iliyobomolewa

Mchimbaji akigusisha kadi langoni na kutoka kunywa maji, programu ya Mignonne ilimfuta vizuri kwenye orodha ya walio chini. Akirudi shimoni, programu ilianguka, na kioo cha kompyuta kikaandika yaleyale: imegusa kumbukumbu isiyo yake. Siku ya tatu hiyo. Saa nane mchana kamati ya wachimbaji wa Musonoi ingeamua: mashine ihesabu watu walio chini, au libaki daftari la mama Mado, mlinda lango. Mignonne alilichukia daftari lile. Mwaka juzi lilisema shimo tupu, kumbe kaka yake Kalenga alikuwa ndani. Walimtoa maiti.

Joto la paa la bati la kibanda cha langoni likamlegeza, akasinzia. Akajiona ndani ya mashine, akitembea mtaa mrefu wa vumbi jekundu, kila kiwanja na namba yake, watu wakihamia na kuhama bila sauti. Akabisha kwenye namba aliyoiandika kiganjani. Akatokea mtu asiye na uso, akamtazama tu, na mtaa mzima ukazimika.

Aliamshwa na makelele. Mama Mado alikuwa amemtuma dereva wa pikipiki, mgeni kutoka Fungurume, apeleke unga kwa mzee wa mtaani, tata Ntambwe. Alikuwa amerudi nao.

"Mama, kule hakuna nyumba! Kuko tu shimo na mulinzi, amenifukuza sawa vile mwizi!"

"Si balibomoa ile nyumba mwaka ilipita? Tata Ntambwe alishahamia Kingamyambo. Siye tunaendelea tu kuita pale kwake."

"Sasa mi ningejua namna gani?"

Mignonne alicheka mpaka machozi. Ujinga wake mwenyewe huo! Mchimbaji akitoka, programu yake ilimbomolea nyumba kwenye kumbukumbu na kukirudisha kiwanja, lakini anwani ikabaki nayo. Mtu akirudi, programu ilikwenda kumtafuta palepale, ikafukuzwa. Akaandika mistari miwili: ukibomoa, futa anwani; anayerudi, mpe kiwanja kipya. Adhuhuri wachimbaji wakatoka kunywa maji, wakarudi, na programu haikuanguka tena.

Saa saba wingu likatanda, wakagonga chuma watu wote watoke kabla mvua haijajaza shimo. Mama Mado akapitisha kidole daftarini.

"Bote balitoka."

Kioo kilisema amebaki mmoja: Stany.

"Stany mi nilimufuta midi, saa sita," mama Mado alisema. "Alikuya kunywa maji."

"Akarudi, mama."

Matone ya kwanza yalikuwa yakianguka. Mignonne alikimbilia ukingoni, akaita kwa nguvu ambazo mwaka juzi hakuna aliyemwita nazo Kalenga. Akaita tena. Kutoka chini kikaja kikohozi, kisha mwanga wa tochi ukipanda polepole.